Miche ya Kokopiti Haifi kwa Njaa, Inakufa kwa Chumvi

Miche mingi ya hoho na nyanya ninayoletewa hapa Bahati, Nakuru, niiangalie, nikiambiwa ina njaa, imelishwa ikazidiwa. Ncha za majani zimeungua, majani yenyewe ni kijani kizito na yamejikunja kuelekea chini, na juu ya trei kuna utando mweupe. Mwenye miche akiona imedumaa anaongeza mbolea. Hapo ndipo anapoimaliza, na inaniuma kwa sababu mbegu ya hoho chotara ni ghali.

Kokopiti ni makumbi ya nazi yaliyosagwa. Haina chakula cha maana isipokuwa potasiamu, na mara nyingi huja na sodiamu pia. Ndiyo maana watu huharakisha kulisha. Lakini fikiria tundu la trei lilivyo dogo. Jua la Januari hapa Nakuru likipiga, maji yanaondoka na chumvi ya mbolea inabaki. Maji yakipungua nusu, ukali wa chumvi kwenye mzizi unakaribia kuwa maradufu. Mzizi unashindwa kuvuta maji, na mche unanyauka ilhali kokopiti ina unyevu.

Kabla hujapanda, loweka konzi ya kokopiti kwenye maji ya mvua, ikamue, kisha pima EC, yaani wingi wa chumvi zilizoyeyuka. Mita ndogo ya mkononi inatosha. Ikizidi 0.5 (kwa mS/cm, kama namba zote za EC hapa), ioshe tena mpaka ishuke. Halafu iloweke kwenye maji yenye kalsiamu naitreti, mbolea ya kalsiamu na nitrojeni, usiku kucha na uisuuze, maana kokopiti mbichi hung'ang'ania kalsiamu na magnesiamu na kuachilia sodiamu na potasiamu. Ukinunua iliyokwisha kutayarishwa, pima vilevile.

Sasa maji. Hili watu wa Nakuru hulisahau kabisa. Visima virefu vya Bonde la Ufa mara nyingi vina sodiamu na floraidi nyingi, na chumvi hiyo inahesabiwa. Maji yako yakiwa tayari na EC ya 0.6, mche mdogo hauna nafasi ya mbolea nyingi. Mimi nakinga ya mvua kutoka kwenye mabati na kuyaweka kando kwa ajili ya kitalu pekee. Ya kisima yanakwenda kwa ng'ombe.

Mbegu ikishaota, usilishe. Kifaranga akitoka kwenye yai huishi siku mbili tatu kwa kiini alichobaki nacho tumboni, na mche nao una akiba yake katika yale majani mawili ya kwanza. Mpe maji matupu mpaka jani halisi la kwanza, lile linalofuata hayo mawili, lifunguke. Kisha anza na NPK ya kuyeyuka, yaani mbolea ya nitrojeni, fosforasi na potasiamu, 19-19-19, gramu 5 kwa pampu ya lita 20. Hiyo ni robo gramu kwa lita. Gramu 5 ni kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ila mizani ndogo ni bora kuliko kijiko. Majani halisi yakifika mawili au matatu, ongeza hadi gramu 10. EC ya jumla, maji na mbolea pamoja, nisingependa ipite 1.0 kwa mche wa umri huo. Mbolea za chembechembe kama DAP na CAN ziache za shambani.

Hiyo 19-19-19 haina kalsiamu, kwa hiyo badilisha zamu: leo hiyo, zamu ijayo kalsiamu naitreti kwa kipimo kilekile. Usizikoroge zikiwa nzito katika ndoo moja, zitagandamana na kutua chini. Baada ya zamu hizo mbili, mwagilia maji matupu. Na usiwahi kumwaga mbolea kwenye kokopiti iliyokauka. Ilowanishe kwanza, asubuhi, ndipo ulishe.

Wa Molo na Njoro, tahadhari moja zaidi. Baridi ya Juni na Julai hufanya majani ya nyanya kuwa zambarau upande wa chini, kwa sababu mzizi uliopoa hauvuti fosforasi vizuri. Funika kitalu kwa nailoni usiku. Kuongeza mbolea hapo ni kumrundikia mche chumvi asiyoweza kuitumia.

Miche ikiwa imeshaungua, mimina maji ya mvua polepole na kinga yanayochuruzika chini ya trei. Yapime. Endelea mpaka EC ya yanayotoka iwe karibu na ya yanayoingia, kisha malizia na kalsiamu naitreti, robo gramu kwa lita. Iweke kivulini kidogo. Ncha zilizoungua hazitarudi kijani, kwa hiyo usizitumie kama kipimo. Tazama jani jipya linalochomoza katikati. Likitoka safi, subiri liwe kubwa ndipo urudie kulisha, kwa nusu ya kipimo cha awali. Likitoka limekunjwa tena, chomoa mche mmoja uangalie mizizi. Ikiwa ya kahawia na laini, panda mbegu nyingine kwenye kokopiti mpya.