Namna ya Kuingia Ndani ya Tangi la Kiwandani Bila Kupoteza Maisha

Ajali za ndani ya matangi na mashimo ya majitaka mara nyingi haziishii kwa mtu mmoja, kwa sababu mfanyakazi anapoanguka, mwenzake huingia mbio kumtoa, naye huanguka papo hapo. Taasisi ya NIOSH ya Marekani, inayotafiti usalama na afya kazini, ilieleza mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika ajali za aina hii walikuwa wameingia ili kuokoa. Kwa hiyo maandalizi ya uokoaji yakamilike kabla mtu wa kwanza hajaingia.

Kwanza ulizia tangi lilihifadhi nini. Mabaki ya molasi katika kiwanda cha sukari huchacha na kutoa hewa ya ukaa, majitaka ya kiwanda cha ngozi hutoa gesi ya sumu iitwayo haidrojeni salfaidi, na hata tangi tupu la chuma lililofungwa muda mrefu huweza kuua, kwa kuwa kutu hula oksijeni. Pua isitegemewe: haidrojeni salfaidi ikiwa kidogo hunuka kama yai viza, lakini ikizidi huua uwezo wa kunusa, na mtu akadhani hatari imepita. Barakoa ya vumbi haizuii lolote kati ya haya.

Mabomba yote yanayoingia yafungwe na kutenganishwa, umeme wa mashine za kukorogea ukatwe, na swichi ipigwe kufuli ambalo ufunguo wake anao anayeingia. Teremsha kipima gesi kwa kamba, upime juu, katikati na chini, ukianza na oksijeni. Hewa ya kawaida ina takriban asilimia 20.9, na ikiwa chini ya 19.5 asiingie mtu. Sukuma hewa safi kwa feni, kamwe si oksijeni ya mtungi wa kuchomelea, ambayo hufanya nguo ziwake kwa cheche ndogo tu. Endelea kupima muda wote, kwani kukwangua tope huachilia gesi iliyojificha humo.

Anayeingia avae mkanda wa mwili mzima ulioungwa na winchi (mashine ya kuvutia kamba) iliyo nje. Mlangoni akae mlinzi asiye na kazi nyingine. Akiona mwenzake amelegea, avute winchi, aite msaada, na kwa Tanzania apige 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Asiingie, hata aliye ndani akiwa ndugu yake wa damu. Agizo hili ni zito kulitii, hivyo msimamizi alitamke mbele ya wote kabla ya kazi kuanza. Anayeruhusiwa kuingia kuokoa ni mwokoaji mwenye mafunzo, aliyevaa kifaa cha kupumulia chenye mtungi wake wa hewa.