Kupiga picha usiku Kigoma na kamera ya mirolesi: usiiamini skrini

Nimeulizwa sana na madogo wanaoanza hapa mjini jinsi ya kupiga picha usiku na mirolesi, na wengine wanaokuja kutoka Dar na kamera nzuri kabisa af wanarudi na picha nyeusi za wavuvi. Ntaeleza ninavyofanya mimi, kuanzia mwalo wa Kibirizi usiku mpaka ukumbini kwenye harusi, maana mwanga wa huku una tabia zake na kamera hizi za mirolesi nazo zina tabia zake, zikikutana bila wewe kujua unapoteza kazi.

Kitu cha kwanza kabisa uelewe hiki. Kamera za zamani zenye kioo ndani, ukichungulia unaona kitu chenyewe kupitia lenzi, mwanga unaruka kwenye kioo unakuja jichoni. Mirolesi haina hicho kioo, ukichungulia unaangalia TV ndogo. Sensa inasoma mwanga muda wote na kukutengenezea picha hapo hapo. Mchana ni raha, unaona picha itakavyotoka kabla hujabonyeza. Ila usiku ile TV inakudanganya na nimelizwa nayo mwenyewe.

Mara yangu ya kwanza kuingia ziwani na kipe, yani chombo cha kuvulia dagaa kwa taa, ilikuwa siku za giza, yani mwezi haupo, maana mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawaji vizuri kwenye taa na wavuvi wengi wanapumzika. Nikapiga usiku kucha, kila nikitazama skrini naona picha safi, uso wa mvuvi unaonekana, wavu unaonekana, maji yana rangi. Asubuhi nimefika nyumbani nafungua kwenye kompyuta, giza tupu. Nilivyozinyanyua zikajaa chenga kama TV ya zamani isiyoshika antena. Kilichotokea ni kwamba macho yangu yalishazoea giza la ziwani, kwa hiyo skrini iliyokuwa imewekwa mwanga wa mchana ilionekana inawaka kama taa, nikadhani picha ina mwanga wa kutosha kumbe ni skrini ndo ina mwanga. Ile kazi ya usiku mzima iliniuma, maana mzee aliyenichukua kwenye kipe chake nilimuahidi picha za kuweka sebuleni.

Sasa fanya hivi. Kabla hujapanda, shusha mwanga wa skrini na wa kitundu cha kuchungulia mpaka chini kabisa, usiache kwenye oto. Af washa histogramu, ule mchoro unaoonyesha mwanga wa picha, giza kushoto na mwanga kulia, na uizoee, iangalie yenyewe usiangalie uzuri wa picha. Usiku histogramu itakuwa imejazana kushoto, hiyo ni kawaida, giza ni giza, wewe tafuta kama uso wa mtu umetoka kidogo kwenye ule ukuta wa kushoto. Kama kamera yako ina histogramu ya rangi tatu, nyekundu, kijani na bluu, tumia hiyo, maana hizi taa za LED za sola wanazotumia sa hivi badala ya karabai nyingi zina bluu kali, unaweza kuona histogramu ya kawaida iko poa kumbe bluu imeshaungua zamani, yani imezidi mwanga mpaka haina kitu ndani, na maji yanayozunguka taa yanatoka kama kibandiko cha rangi moja, hakuna wimbi wala dagaa wanaoonekana humo.

Taa yenyewe usihangaike nayo, iache iungue, haiwezekani upate taa na mtu vyote viwili. Cheza na umbali wa mtu na taa. Mtu akiwa mita moja kutoka kwenye taa akasogea mita mbili, mwanga unaomfikia unabaki robo, sio nusu. Kwa hiyo mvuvi anayevuta wavu karibu na taa na mwenzake aliyekaa nyuma ni kama wako kwenye dunia mbili tofauti, chagua mmoja umpimie huyo, mwingine mwache awe kivuli, picha inakuwa na nguvu zaidi hivyo kuliko kulazimisha wote waonekane.

Tripodi acha nyumbani. Chombo kinayumba na wewe unayumba nacho. Ule mfumo wa ndani ya kamera wa kutuliza sensa unasaidia mkono wako unaotetemeka, hauwezi kumtuliza mvuvi anayevuta kamba. Mi nakaa shata (muda wa kupokea mwanga) 1/125 ya sekunde hivi, apacha (tundu la lenzi) f/1.8, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 6400, na sishuki chini ya hapo kwenye shata hata kama picha inaenda gizani kidogo, kwa sababu chenga unaweza kuzipunguza kwenye kompyuta lakini sura iliyoteleza haitengenezeki. Lenzi ya milimita 35 au 50 ya f/1.8, hata ya bei ndogo, itakufaa huku kuliko zumu ya bei mbaya ya f/5.6. Na piga RAW jamani, yani faili ghafi ambalo kamera haijalipika, JPEG usiku ni kujifunga mikono.

Fokasi. Otofokasi ya mirolesi inahitaji tofauti ya mwanga na kivuli ili ishike, ukiielekeza kwenye maji meusi itaenda mbele itarudi nyuma itaenda mbele mpaka tukio lipite. Ielekeze kwenye ukingo, pale uso unapokutana na giza, au kamba iliyopigwa na taa. Ikigoma kabisa nenda manyuali, washa ile rangi inayoonyesha sehemu zilizokaza, kuza picha kwenye kitundu, kaza kwenye kitu kilicho umbali uleule na mtu wako af usiguse tena. Na kama kitundu kimekuwa cheusi huoni kitu, ingia kwenye menyu uzime ile hali ya kuonyesha picha itakavyotoka, kamera itakung'arishia uone pa kufokasi. Itakuwa inachelewa kidogo na ina chenga, ni sawa, ni ya kuonea tu. Zima pia kile kitaa kinachowaka mbele ya kamera kusaidia fokasi, na flashi usiitoe kabisa, unammulika mtu aliyesimama ukingoni anavuta wavu juu ya ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 1,400, huo sio utani. Vaa jaketi la kuokolea pia, hata kama wenyewe hawajavaa.

Tukirudi nchi kavu, shida nyingine inayoumiza watu ni shata ya kielektroniki, ile ya kimyakimya. Watu wanaipenda kanisani na kwenye harusi kwa sababu haipigi kelele. Tatizo sensa nyingi zinasoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na taa za umeme wetu wa hertzi 50 zinapepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni ila sensa inaona, kwa hiyo mstari huu unasomwa taa ikiwa kali na ule unasomwa taa ikiwa imefifia. Matokeo ni michirizi myeusi. Niliwahi kumpiga bibi harusi picha karibu mia mbili ukumbini na michirizi imempita usoni, na mama yake alipoziona alinyamaza tu. Ule ukimya sijausahau. Tangu siku hiyo ndani ya ukumbi natumia shata ya kawaida inayolia, kwenye 1/100 au 1/50, na nimewasha kwenye menyu ile ya kuzuia kupepesa. Umeme ukikatika wakawasha jenereta usiendelee kama kawaida, jenereta ikilemewa hiyo 50 haikai kwenye 50, piga picha moja ya ukuta mweupe uikague kwanza. Na taa za rangi za DJ zina upepesaji wake kabisa, hizo hazina fomula, jaribu shata tatu nne uone ipi inatulia. Hata taa za kwenye vipe zijaribu hivyo hivyo mkiwa bado mwaloni, nyingi za betri zimetulia ila sio zote.

Machweo kila mtu anayapiga kwa hiyo sitakaa sana hapo. Jua letu linazama upande wa Kongo kwenye saa moja jioni, karibu dakika arobaini nyuma ya Dar, wageni wanafungasha mapema wanakosa. Kiangazi mashamba yakichomwa moshi unatanda na jua linakuwa duara jekundu, hapo waiti balansi (mpangilio wa rangi ya mwanga) ya oto itakuosha ule wekundu wote, weka ya jua au kelvini 5500 uiache. Ila usiache mirolesi yenye lenzi ndefu imesimama kwenye tripodi inaangalia jua la saa kumi na moja huku unapiga stori, sensa iko wazi muda wote na lenzi inafanya kazi ya kioo cha kuchomea karatasi. Funika na kifuniko, fungua ukitaka kupiga.

Mchana wa dagaa wanaoanikwa nao ni mwanga wa ajabu, watu wanaudharau. Saa saba hivi jua liko utosini, mchanga mweupe, dagaa wanang'aa kama fedha, kamera inashtuka inaitia picha giza na mama aliyeinama anaanika anakuwa mweusi tii. Mpimie usoni. Mafunzo mengi ya mtandaoni yanasema weka zebra (ile mistari kamera inayochora juu ya sehemu zilizofika mwanga uliouchagua) kwenye 70 kwa ajili ya ngozi ya uso, hiyo ni ngozi ya Mzungu, ukiifuata kwa watu wetu unawapausha, weka 50 au chini ya hapo kidogo. Af mwombe ageuke, chuchumaa, utaona dagaa wenyewe wanarusha mwanga kutoka chini unaingia chini ya mtandio na kujaza macho.

Ukirudi na vipe alfajiri, kile kipindi kabla jua halijatoka, mbingu ya bluu na taa bado zinawaka mwaloni, ndo hapo mbingu na taa vinalingana nguvu, na hakidumu hata robo saa. Kwa hiyo betri mpya weka mkiwa bado majini, mirolesi inakula betri kwa ile TV yake na utakuta ya usiku imebaki asilimia kumi. Futa unyevu kwenye lenzi na kitambaa kikavu, shusha ISO mpaka 1600, nyanyua mwanga wa skrini kidogo maana macho yanaanza kurudi, na uwe wa kwanza kuruka chini, akina mama wa kununua wanakuwa wameshaingia majini na mabeseni.