Somo: Dania ya ndooni, kwa wanaomwagilia maji ya kisima Lamu

Dania ikifa ingali fupi kama kidole, lawama huangukia mbegu. Mara nyingi muuaji ni maji ya kisima. Jua huyakausha, chumvi yake ikabaki udongoni, ikazidi kila siku.

Chukua ndoo ya lita 20, hata iliyovunjika mkono. Toboa matundu manane chini, kila moja litoshe kidole cha mwisho, kisha iinue juu ya mawe. Tafadhali usiyapunguze matundu hayo: chumvi haina njia nyingine ya kutokea.

Changanya sehemu mbili za udongo wa shamba, mbili za samadi ya punda iliyooza, na moja ya makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba, nyuzi za kusokotea kamba, yaache, yamelewa chumvi. Samadi nayo isiwe mbichi. Punda hasagi mbegu zote anazokula, kwa hiyo utaotesha magugu, na joto la samadi mbichi huunguza mizizi. Ilundike, ilowane, ifunike, uigeuze kila wiki kwa miezi mitatu. Ukitia mkono katikati usikute joto, na harufu ikawa ya udongo tu, imeiva.

Tembe moja ya dania ina mbegu mbili ndani. Bingirisha chupa juu yake taratibu mpaka zigawanyike, loweka usiku kucha, kisha fukia kina cha sentimita 1. Huota baada ya siku 7 hadi 14. Panda pale pale itakapokulia. Mzizi mkuu ukikatika, mmea hukimbilia maua.

Joto nalo huleta maua mapema. Juni hadi Agosti ndiyo miezi mizuri. Wakati wa kaskazi weka kivuli cha makuti kuanzia saa nne hadi saa kumi.

Mwagilia asubuhi, shinani, si majani. Mara moja kwa wiki mimina polepole mpaka maji yachuruzike chini kwa wingi.

MASWALI

Mwalimu, shukrani. Mimi niko Langoni. Namwagilia kila siku lakini ncha za majani zinakauka, na juu ya udongo pana weupe.
– Huo weupe ni chumvi, dada. Unamwagilia kidogo kidogo, haishuki. Kwangua ukoko huo, mimina lita 10 za maji ya mvua, ngoja saa moja, rudia.

Kisima chetu kina chumvi sana. Tupande nini?
– Spinachi, ile yenye shina nene jeupe, huvumilia kuliko dania. Maharagwe, karoti na vitunguu msijisumbue.

Huku Malindi vidukari wamejaa chini ya majani.
– Kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita 1, nyunyiza jioni upande wa chini, rudia baada ya siku nne. Osha majani kabla ya kuyatia mchuzini. Na punguza samadi: majani laini kupita kiasi ndiyo wanayoyapenda.