Kinyume cha Mwavuli ni Nini?

Ukimuuliza mtu kinyume cha "refu", atajibu "fupi" hata hujafunga mdomo. Muulize kinyume cha "mwavuli". Atanyamaza, atatazama juu, kisha atakuuliza: "Kwani mwavuli una kinyume?"

Unacho. Nimeuchezesha mchezo huu kwa miaka, kwa watoto na kwa watu wazima wanaojifunza kuandika, na sijapata zoezi jingine linalomfanya mtu akitazame kitu alichokizoea kama vile ndiyo kwanza amekiona. Aristotle alishasema zamani kwamba kitu chenyewe hakina kinyume: joto lina baridi, weupe una weusi, lakini mtu fulani au farasi fulani hana wa kupingana naye. Nakubaliana naye kabisa, na mbinu yote imejengwa juu ya hoja hiyo. Kwa kuwa kitu hakipinduki, tunaipindua kazi yake.

Hatua ya 1: Chagua nomino isiyo na jibu tayari

Waache mchana na usiku, adui na rafiki, mwanzo na mwisho. Waache pia mwalimu na mwanafunzi, muuzaji na mnunuzi. Hao ni washirika wa shughuli moja, kila mmoja anamwita mwenzake, na hakuna cha kutafuta. Chukua kitu cha kushikika ambacho hujawahi kukifikiria: kiti, kijiko, kioo, mshumaa, ngazi.

Hatua ya 2: Igeuze nomino iwe kitenzi

Hapa ndipo penye utamu, usiharakishe. Chukua karatasi, andika jina la kitu, halafu jiulize: hufanya nini? Mwavuli hukinga. Kifuniko hufunika. Kiti huketisha. Usiishie kwenye kitenzi cha kwanza. Andika vitatu au vinne, maana cha kwanza mara nyingi ni kile ambacho kila mtu angekisema.

Nomino ni kaidi, lakini vitenzi vya Kiswahili vinapinduka kwa urahisi, kwa sababu tuna kauli ya kutendua. Funga inakuwa fungua. Ziba, zibua. Kunja, kunjua. Tega, tegua. Penye sauti ya o, kiambishi nacho kinageuka o: choma, chomoa. Vingine hudondosha kipande kwanza: funika na funua, anika na anua, bandika na bandua, ezeka na ezua. Na vaa ni vua, fupi hivyo. Sauti moja ndogo inaingia, na kazi nzima inarudi kinyumenyume.

Mara nyingine lugha yenyewe imeshacheza mchezo huu kabla yetu. Kinachoziba chupa ni kizibo. Kinachoizibua ni kizibuo. Hapo huna la kuvumbua, ni kufurahia tu.

Tahadhari moja: si kila kitenzi kinachoishia na -ua kimetenduliwa. Chukua, nunua na pasua havina kitenzi cha upande wa pili kilichojificha nyuma yake. Kitenzi chako kikikosa kauli ya kutendua, tafuta mpinzani wake wa kawaida: ficha na onyesha, kusanya na tawanya, inua na shusha.

Hatua ya 3: Shikilia mengine yote, pindua moja

Vinyume ni ndugu. Refu na fupi vinapingana kwa sababu vyote viwili vinazungumzia urefu. Kama visingekuwa na cha kushirikiana, visingekuwa na cha kugombania. Kwa hiyo kabla ya kupindua, andika sifa za kitu chako: kazi yake, mahali kinapokaa, umbo, kinachogusana nacho, na mabadiliko yanayokipata kadiri kinavyotumika. Kisha pindua sifa moja tu na uziache nyingine jinsi zilivyo.

Tazama kioo. Kinakaa ukutani, ni bapa, unakisogelea ili uone. Pindua kinachoonekana: badala ya kujiona mwenyewe, uone wengine. Umefika dirishani. Tena dirisha lenyewe huwekwa kioo! Neno moja linashika pande zote mbili, na mtu anayelitumia kila siku huenda hajawahi kulisikia hivyo.

Au mshumaa. Wengi hukimbilia mwanga na kutafuta kitu cha giza. Mimi napenda zaidi ile sifa ya mwisho, yaani mabadiliko: mshumaa hupungua kadiri unavyofanya kazi. Kitu gani huongezeka kadiri kinavyofanya kazi? Kibubu. Mmoja hutumika mpaka ukaisha, mwingine hutumika mpaka ukajaa.

Kupindua ukubwa peke yake kunaruhusiwa, ila ni jibu jepesi. Kijiji na jiji ni jozi nzuri, kwa kuwa yote yametokana na mji, lakini kisu na jisu hazikufundishi lolote kuhusu kisu.

Hatua ya 4: Tafuta kitu halisi

Jibu lisiwe "kutokuwa na mwavuli", wala kifaa cha kubuni kisichokuwepo duniani. Liwe kitu ambacho mtu anaweza kukiona akikitafuta.

Sasa turudi kwenye mwavuli. Hukaa juu ya kichwa, ni wa mviringo, unahusiana na maji yanayoanguka, na huyazuia yasikufikie. Ukipindua umbo, yaani kuufunua kwa juu, unapata bakuli au beseni. Si vibaya: mwavuli humwaga maji pembeni, beseni huyakusanya katikati. Lakini beseni halikai juu ya kichwa, kwa hiyo umepindua mahali pia bila kukusudia. Viatu vya mpira je? Hivyo vimehama kutoka kichwani kwenda miguuni, lakini kazi ni ileile ya kuzuia maji. Ni pacha wa mwavuli.

Nendeni taratibu hapa, mtafika bafuni. Shawa iko juu ya kichwa. Ni ya mviringo. Inahusiana na maji yanayoanguka. Na kazi yake ni kuhakikisha kwamba yanakufikia! Sifa tatu zimebaki palepale, moja imepinduka. Hilo ndilo jibu langu, na kila linapofikiwa na kikundi kipya, nasikia chumba kizima kikishusha pumzi.

Bado kuna jibu la pili. Lisikilize neno lenyewe: mwavuli, kivuli. Kwa anayeubeba wakati wa jua, kazi yake ni kutia kivuli, na mpinzani wake ni taa ya darini, inayokaa juu na kumwaga mwanga. Majibu haya mawili hayagombani. Kila moja linasema msemaji anauona mwavuli kuwa ni kitu gani.

Hatua ya 5: Rudi ulikotoka

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Chukua jibu lako, mpe mtu ambaye hakuwepo, umwambie alitafutie kinyume. Akirudi kwenye neno lako la kwanza, jozi yenu ina nguvu.

Daraja, kwa mfano. Daraja huunganisha pande mbili zilizotenganishwa na maji. Ukuta hutenganisha pande mbili zilizounganishwa na ardhi. Jozi nzuri sana. Lakini ukimuuliza mtu kinyume cha ukuta, aghalabu atasema mlango au dirisha, na daraja limesahaulika. Usilitupe jibu kwa hilo. Jua tu kwamba ukuta una sifa nyingi na yeye ameshika nyingine.

Jozi inayofaulu kwenda na kurudi kuliko zote ninazozijua iko chomboni: nanga na tanga. Nanga hushuka, tanga hupanda. Nanga hung'ang'ania chini, tanga hushika upepo. Moja hukizuia chombo, jingine hukiendesha, na haviwezi kufanya kazi kwa pamoja: ukitweka tanga huku nanga haijang'olewa, huendi popote. Halafu sikiliza majina yenyewe, yametofautiana kwa sauti moja tu. Nilipoigundua jozi hii niliisema kwa sauti mara nyingi, nikiwa peke yangu.

Hatua ya 6: Litetee

Mkicheza wengi, fuateni desturi ya vitendawili: mmoja atege nomino, wengine wajibu. Sharti ni moja. Kila jibu lifuatwe na "kwa sababu" na sentensi moja isiyozidi. Asiye na sababu hahesabiwi, hata kama jibu lake limewapendeza wote.

Tarajieni ubishi kwenye kijiko. Wa kwanza atasema uma, na kwa muda mrefu nilikuwa nikilikataa jibu hilo, nikisema hao ni ndugu wa meza moja. Mpaka mtoto mmoja akanijibu: kijiko hushika mchuzi, uma huuachia. Tangu siku ile nalikubali, lakini kwa sababu hiyo tu.

Na mtu akikujibu "kokiji", amechanganya na ule mchezo mwingine uitwao kinyume, wa kuhamisha silabi ya mwisho ije mbele. Ni mtamu nao, muuchezeni siku nyingine.

Kwa kuanzia, chukua mto wa kulalia. Uko kitandani, karibu na sikio, na unakusaidia kulala. Mpinzani wake yuko hatua chache tu kutoka hapo, na hupiga kelele alfajiri. Ukishampata, jaribu sindano, ngazi na sabuni. Sabuni itakuchukua muda. Anza na kitenzi.