Unataka kutafsiri Maandiko kwa lugha ya mtaani? Anza kwa mchinjaji

Kabla hujaandika chochote jua kwanza unatafsiri kutoka wapi. Martin Luther, yule mtawa Mjerumani aliyeanzisha Matengenezo ya Kanisa, alipojichimbia kwenye ngome ya Wartburg kule Ujerumani mwaka 1521, kafuga ndevu na kajipa jina la Junker Jörg, alimaliza rasimu ya Agano Jipya lote kwa kama wiki 11 hivi, na watu tunasifia spidi tu tunasahau kwamba mezani alikuwa na Agano Jipya la Kigiriki, lugha lililoandikwa kwanza, toleo la msomi Erasmus. Biblia za Kijerumani zilishachapwa kabla yake, ila zilifuata Kilatini.

Ukishaelewa mstari, funga kitabu ujiulize mama jikoni angesemaje. Luther alikaa sana kwenye salamu ya malaika kwa Maria, "umejaa neema". Akasema Mjerumani akisikia "umejaa" anawaza pipa la bia au mfuko wa hela! Moyoni alitaka kabisa aandike "Maria mpenzi", mwishowe akachagua neno la kumsifia mtu anayependeza. Sisi hatujaachana na hilo, Mkatoliki anasali "umejaa neema" na Biblia ya Union inasema "uliyepewa neema", jaribu kumuuliza bibi yako ipi inamwingia.

Usichoke kuuliza wenye kazi zao. Inasimuliwa kwamba alipofika kwenye sadaka za Walawi alimwendea mchinjaji akamchinjia kondoo kadhaa, amtajie kila kiungo cha ndani. Unaona ni mzaha eh? Soma Walawi 3:4 kwenye Union, "kitambi kilicho katika ini". Mimi nilisomea vijana mstari huo wakacheka mpaka basi, maana kitambi kwao ni tumbo la mzee wa baa. Hapo kamusi haikusaidii, nenda buchani.

Pia usifanye peke yako. Kwenye Ayubu alikaa na wasomi wenzake Melanchthon na Aurogallus, na kuna wakati siku 4 ziliisha hawajamaliza hata mistari 3 ya maandishi vizuri, sasa wewe unataka kumaliza Zaburi wikiendi moja.

Ila lugha ya mtaani isikupe kiburi. Penye uzito wa imani acha neno lilivyo hata kama linakwaruza, yeye mwenyewe kwenye Yohana 6:27 aliacha kwamba Mungu "amemtia muhuri" japo kulikuwa na Kijerumani laini zaidi. Na ukiongeza neno uwe na sababu zako mkononi, kwenye Warumi 3:28 alitia "peke yake" kwenye imani, neno ambalo kwenye Kigiriki halipo, wakamrukia, mwaka 1530 ikabidi aandike barua nzima kujitetea kwamba Kijerumani ndivyo kinavyosemwa.

Halafu usiipende sana rasimu yako. Agano Jipya lilitoka Septemba 1522, na Desemba ileile likatoka lingine, keshalirekebisha.