Mgonjwa wa kiuno, mvue shati kwanza

Wenzangu wa zahanati huku Mwanza, mbeba mizigo wa mwaloni Kirumba akija kajishika kiuno usikimbilie eksirei, maumivu mengi ya hivi yanapungua yenyewe ndani ya wiki 4 mpaka 6. Muulize kwanza kama ana shida ya kukojoa, ana ganzi sehemu za siri au pale anapokalia, miguu inalegea? Akikubali hata moja, rufaa leo leo, asisubiri feri ya kesho.

Halafu mvue shati jamani! Pitisha vidole kwenye pingili za uti wa mgongo, moja moja ukigonga taratibu. Mimi nusura nimruhusu mama mmoja muuza dagaa na dawa yake ya maumivu, diklofenaki, kumbe chini ya kitenge kuna pingili imechomoza, na homa za jioni na kukonda hakusema mpaka nilipomuuliza, ikawa TB ya mgongo.

Kama hakuna hayo mwambie atembeetembee, kulala wiki nzima kunamkaza zaidi, ibuprofeni siku chache baada ya kula kama hana vidonda vya tumbo wala shida ya figo. Tena wengi wanakuja washajiamulia "dokta hizi ni figo" wakati juzi kabeba magunia siku nzima