Mnataka kuanzisha ligi ya timu B hapa Unguja? Someni kwanza yaliyowakuta Waaustralia

Kila msimu maneno ni hayohayo maskani, klabu imesajili watu 30, wanaocheza 11, wengine kazi yao kupasha misuli na kurudi kukaa, kwa nini tusiwe na ligi ya timu B? Fikra nzuri wallahi. Ila kabla hamjaenda kuomba kiwanja angalieni kwa wenzetu wa Australia, wao timu zao za pili zilianza ligi 1919 na mpaka leo wanabishana ziendeshwe vipi.

Mpira wao si huu wetu, ni ule wa yai, 18 kila upande. Klabu ya AFL, ligi yao kuu, ina wachezaji zaidi ya 40 na siku ya mechi wanatajwa 23, sasa waliobaki wazima lazima wapate pa kucheza. Zamani timu za pili zilikuwa zinachezana zenyewe, ligi hiyo ikafungwa mwisho wa 1999, zikaingizwa VFL, ligi ya chini ambayo ina klabu zake za miaka na miaka. Hapo ndo mambo yakaanza.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa, amueni timu B ni ya nani. Mnaweza kuwa na yenu wenyewe, au mkaazima klabu ndogo ya jirani iwapokee wachezaji wenu, na hii ya pili ndo inayovutia watu mana ni rahisi. Kwa Hawthorn wa AFL na Box Hill wa VFL imekwenda vizuri tu tangu 2000. Lakini muulize mtu wa Bendigo. Essendon, klabu ya AFL, walikuwa wanapeleka vijana wao kule, mwisho wa 2012 wakaondoka wakaanzisha timu yao, Bendigo wakabaki peke yao wakapigwa karibu kila wiki na mwisho wa 2014 klabu ikafa. Yani mkubwa kapata alichotaka, mdogo kazikwa. Western Bulldogs wa AFL nao waliachana na Williamstown, klabu ndogo waliyokuwa wameiazima, wakarudisha jina la zamani la Footscray, na mwaka huohuo wa 2014 wakabeba kombe la VFL, halafu 2016 wakubwa wao wakachukua AFL. Sisemi hili limezaa lile, ila mimi nnavyoona timu yenu wenyewe ni bora hata kama jezi ni za kuazima.

Mkiazima, basi andikeni kwenye karatasi nani anapanga kikosi. Msilidharau hili. Ijumaa jioni kocha mkuu anatoa listi yake, watu watano wamekatwa, wanashuka timu B, na yule kijana wa mtaani alofanya mazoezi wiki nzima anaambiwa vua jezi namba 7 mpe kaka yako. Ikitokea mara tatu hamumuoni tena, na babake atakuja kiwanjani. Wekeni kiwango, wanaoshuka wasizidi wanne kwa mechi.

Halafu fainali. Peel Thunder waliingia WAFL, ligi ya kule Perth, 1997 hawajawahi kubeba kitu, 2014 wakaanza kupokea wachezaji wa Fremantle wa AFL, wakachukua ubingwa 2016 na 2017, na wenzao walinung'unika kweli. Ndo mana ligi zile zina masharti, mchezaji wa juu lazima awe ameshacheza mechi kadhaa chini ndo aruhusiwe fainali. Sisi tuseme tano, bila hivo mtaona siku ya fainali kumeshuka timu nzima ya Ligi Kuu.

Muda na pesa ni rahisi zaidi. Chezeni kabla ya wakubwa kiwanja hichohicho, kama walivyokuwa wanafanya zamani kule, chokaa moja, gari moja. Anzeni saa 8, vipindi vya dakika 40, saa 9 na nusu mshamaliza watu wakasali Alasiri, wakubwa wanaingia saa 10 na robo.

Safari sasa. VFL tangu 2021 inachukua timu mpaka za Queensland na Sydney, Tasmania nao wanaingia 2026 kabla ya kwenda AFL 2028, na kuna wanaotaka timu B zote ziwe ligi moja ya taifa, Adelaide na Perth wang'olewe kwenye ligi zao za nyumbani. Wao wana hela za ndege. Sisi yakhe boti ya Pemba ya watu 22 na makocha itamaliza mfuko wa klabu kabla ya masika, kwa hiyo Unguja wacheze wao, Pemba wao, na wakutane mabingwa tu mwisho, mwaka mmoja Gombani mwaka mwengine Mao.

Na kwenye mkataba wa kuazima wekeni kifungu, klabu kubwa ikitaka kuondoka itoe taarifa msimu mzima kabla, na iache mipira na jezi. Bila saini ya hicho msiwape hata mchezaji mmoja nafasi.